Kukopa Biti Mbili

Dundee, Januari, saa nne za usiku.
Kinu hiki zamani kilifuma magunia;
sasa ni ghorofa nne za watu wa meza,
na mimi nimepiga magoti kabatini chini ya ngazi,
tochi mdomoni, mikono ndani ya nyaya.

Shida yao waliieleza kwa neno moja: polepole.
Mashine mia na themanini katika chumba kimoja,
kila moja inapayuka: Nani mwenye anwani hii? Nani?
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, tulifunzwa.
Hapa inalia kutwa kucha
na jambo lenyewe ni mtu anamwulizia printa.

Nikachora juu ya boksi la piza la Struan, mlinzi:
mistari mitatu, mitaa minne.
Barakoa mpya: mia mbili hamsini na tano mara tatu,
kisha mia na tisini na mbili.
Biti mbili nimezikopa kwa wenyeji.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
kila mtaa wa anwani sitini na nne
unatozwa mbili papo hapo,
ya kwanza iwe jina la mtaa, ya mwisho iwe ya mbiu,
wala hakuna mashine itakayolala humo.
Sitini na mbili. Zinatosha.
Uhasibu wako thelathini na tisa, pamoja na birika la chai
ambalo mtu, Mungu amsamehe, amelipatia anwani.

Nikawasha.
Kimya kizuri kwanza, kama darasa mwalimu anapoingia,
kisha kimya kibaya:
hakuna anayepayuka, na hakuna anayemfikia mwenzake.
Ukuta hauna mlango mpaka ruta iambiwe:
wa mtaa huu, mpitishe hapa;
wa mtaa ule, mkabidhi mwenzako wa juu;
usiyemjua, mtoe kwa lango kuu, huko watajuana naye.

Nikaandika njia. Nikatuma pakiti kwa printa ya ghorofa ya tatu.
Hakuna jibu. Nikatuma tena.
"Imefika?" akauliza Struan, mdomo umejaa jibini.
Nikapanda na kompyuta kifuani, nikachungulia huko huko.
Zimefika. Zote nne.
Printa inajibu kila moja kwa adabu,
na ruta ya juu inayatupa majibu
kwa kuwa hakuna aliyeiambia chini ni wapi.

Nilikaa ngazini kidogo.
Tanga, Dar, Doha, Edinburgh:
hiyo ya kuja naikariri hata usingizini.

Mstari mmoja tu ulikosekana.
Niliuandika kwa kidole kimoja, vingine vimekufa ganzi.
Gizani printa ikakohoa,
ikatema kazi iliyokwama tangu mchana:
nakala kumi na moja za paka wa kijivu, jina lake Tumshie,
*akionekana, tafadhali arudishwe ghorofa ya tatu.*

Struan alizibandika zote, hata chooni.