Diski ya Tatu

Ya kwanza ilikufa ikiwa na miezi saba,
siku ya mnada wa korosho, duka limejaa
watu na mifuko ya nailoni yenye nakala za vitambulisho.
Haikupiga kelele. Iligonga tu ndani kwa ndani,
ko, ko, ko,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.

Nikaiviringisha kwenye gazeti, nikaipeleka stendi ya Masasi alfajiri,
nikampa kondakta elfu tano na namba ya duka la Kariakoo.
"Siku kumi na nne," wakasema kwenye simu. "Za kazi."
Nikahesabu hadi vidole vya miguu,
nikaanza tena vya mikono.

Ikaja ya pili. Kwenye kasha, kwa herufi za sisimizi: imekarabatiwa.
Yaani iliwahi kuugua kwa mwingine,
ikafutwa jasho, ikapewa namba mpya.
Iliishi miezi minne.
Na waranti, nikauliza, inaanza upya?
"Hapana, Bwana Namkulala. Inaendelea pale ilipoishia ya kwanza."
Kumbe mfu ndiye aliyemrithisha mgonjwa siku zake.

Chini ya meza yangu ipo mashine ya kale
niliyoinunua misheni ya Ndanda walipokuwa wanapunguza vyombo,
nzito kama jiwe la kusagia,
rangi yake meno ya mvuta tumbaku.
Umeme ukikatika, inazima. Ukirudi, inawaka.
Haina kinyongo.
Padri aliyeniuzia hakunipa hata risiti.
Alisema tu: "Ikifa, izike."

Hizi mpya huja na kijitabu cha lugha kumi na moja,
yetu haimo,
na nimeanza kuamini kwamba unene wa kijitabu
ni woga wa aliyeitengeneza.

Dhamana. Neno ni lile lile.
Mpwa wangu Salvius alitoka polisi kwa dhamana:
walisimama watu wawili, mmoja na hati ya shamba la mikorosho.
Diski hii, nani amesimama kwa ajili yake?
Karatasi.
Na karatasi haina shamba.

Kisha akaja Somoe, binti wa marehemu Chinguile,
anataka picha niliyompiga baba yake ya kitambulisho,
aikuze kwa ajili ya arobaini. Nyingine hawana.
Nikamwambia ilikuwa kwenye ile iliyokufa.
"Si walikupa nyingine?"
Walinipa.
"Basi imo."
Nikakosa namna ya kumweleza
kwamba wao hulipa sufuria, hawalipi uji.
Alikaa kwenye benchi mpaka wateja wawili wakaondoka.
"Alikuwa na kovu hapa," akasema, akigusa nyusi yake mwenyewe,
akiitazama printa, si mimi.

Ya tatu imefika Jumatano.
Nimeichomeka, na kabla sijaandika herufi hata moja
nimekuta folda ambayo fundi wa Dar amesahau kuifuta.
Jina lake: mtoto.
Picha mia mbili na kumi na moja.
Mtoto wa kama miaka miwili, amevaa viatu vya mtu mzima,
sebule ya kijani, mkono wa mama umekatwa na fremu.
Simjui. Si wa Masasi; hapa watoto nawajua kwa pasipoti saizi.

Basi mahali fulani, Tabora labda, labda Songea,
mtu amechomeka ile yangu
na Mzee Chinguile anamtazama machoni, kovu na yote,
hacheki, kwa sababu nilimwambia
usicheke, mzee, hii ni ya serikali.

Mashine inauliza: nifute vyote, nianze upya?
Nimebonyeza Hapana.
Nimevuta waya hadi chini ya meza,
na ile ya Ndanda, feni ikilia kama cherehani,
imempokea mtoto wa watu, picha moja moja,
mpaka saa nane za usiku.