Mlango Unaosinzia

Waliniita mara ya nne, zahanati ya Pasua,
mvua za vuli, matope hadi kifundoni.
"Fundi, mtandao unakatika."
Unakatika lini?
"Ukishaondoka."

Nikacheka. Sikupaswa kucheka.

Mara ya kwanza nilikuwa nimebadili kebo.
Mara ya pili nikalaumu panya, na kweli walikuwepo.
Mara ya tatu nikautupia mzigo umeme wa Moshi,
na nani angenibishia?
Kila fundi ana shetani wake wa kusingizia.

Nafika, nafungua kompyuta,
naisalimu ruta: upo?
Nipo.
Upo? Nipo. Upo? Nipo.
Salamu mia sita, hata moja haikupotea njiani.
Muuguzi Eliaichi, ameshika vipimo vya damu
vilivyogoma kwenda tangu asubuhi,
ananitazama kama mama aliyekesha
na mtoto anayechemka kwa homa,
na mtoto huyo, mbele ya daktari, anaomba mpira.

Naaga. Sijafika Memorial, simu inalia.

Basi safari hii sikuaga.
Nilijinyoosha kwenye benchi la wagonjwa wa nje,
begi chini ya kichwa, harufu ya dawa ya kudekia,
hadi Ndesanjo, mlinzi, kijana wa Kibosho,
aliponiletea daftari la geti.
Magari mawili, pikipiki moja,
kisha kurasa tatu za kitu kingine:

Saa nane na dakika tatu, taa ya kijani imezimika.
Saa nane na dakika tatu, imewaka.
Saa nane na kumi na moja, imezimika.

Nani kakwambia uandike haya?
"Niliambiwa niandike kila kinachotoka na kinachoingia."

Nikayaweka maandishi yake kando ya kumbukumbu za mashine.
Yalilingana mstari kwa mstari,
ila saa yake ilikuwa mbele dakika mbili.

"Inazimika pakiwa kimya," akasema.
"Daktari akiangalia mpira, haizimiki kabisa."

Kimya!
Na mimi wiki nzima naitafuta kwa kelele.
Kila "upo?" yangu ilikuwa kikombe cha kahawa
mkononi mwa mtu anayesinzia.

Nikafunga kompyuta. Nikakalia mikono.
Mvua bati, mvua bati.
Dakika ya saba, taa ikafumba jicho.

Humo ndani ya dreva, mtu wa mbali,
kwa nia njema, aliandika:
pakikosekana mazungumzo, lala, okoa umeme.
Lakini swichi ya ukutani ni ya zamani,
haikufundishwa usingizi wa wengine.
Jirani asipoitika, kwake huyo ameshakufa:
inakata waya, inaanika turubai la matanga,
na kabla uji haujachemka
marehemu kaamka, anauliza habari za nyumbani,
wanaanza kujuana upya.
Vipimo vya Eliaichi vimeshaangukia katikati.

Amri ilikuwa fupi: usilale.
Nikairudia kwenye faili la kuwashia,
maana ruta hii umeme ukikatika
husahau ahadi zake zote.
Nikapiga hesabu ya unit zitakazoongezeka:
hazifiki za taa ya chooni
ambayo hakuna aliyewahi kuizima.

Tukaitazama, mimi na Ndesanjo, bila kuisemesha.
Dakika saba. Kumi na tano. Arobaini.
Kijani, kijani tu.

"Haitazimika tena?"
Haitazimika.
Akalifunga daftari taratibu,
kalamu ingali nyuma ya sikio.
"Sasa usiku nitaandika nini?"

Sikuwa na jibu.
Asubuhi nikaondoka na matope yangu.
Nilipofika Memorial simu ilikuwa kimya,
nikasimama kidogo pembeni ya wauza mitumba
nikiitoa mfukoni, nikiibonyeza,
kuhakikisha tu kwamba haijalala.