Andika na Glasi

Andika, Bwana Mgalula, kalamu yako isikauke:
friji moja, jekundu, la milango miwili ya kioo.
Lilishushwa hapa Isevya Jumanne moja ya masika,
vijana wanne wamelibeba kama jeneza la mtu mnene,
nami nyuma yao napiga vigelegele,
mjinga mimi,
nikadhani nimeolewa upya.

Andika viti thelathini vya plastiki.
Vyote vina jina la bia mgongoni, herufi zimetuna,
hata mteja akiinuka kwenda msalani
shati lake limeshapigwa chapa kwa jasho.

Andika miavuli minne.
Wa tano ulichukuliwa na upepo wa Oktoba,
ukaonekana Cheyo, umefunika banda la bata.
Huo usiuandike.

Karatasi niliyotia saini ilikuwa ya kurasa tatu.
Ukurasa wa kwanza ulisema: zawadi.
Wa tatu, kwa herufi za sisimizi,
ulisema ndani ya zawadi kisilale kitu
ila chupa zao.
Umeona wapi, bwana,
mtu akupe kitanda kisha akuchagulie mume?

Kabla ya friji nilikuwa na mtungi
na wanzuki wa Mama Kabula, kutoka Sikonge;
ukinywa unasikia maua ya mtundu yamepasuka puani.
Friji lilipofika mtungi ukahamia uani,
kuku wakanywea maji.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mgema akipewa friji hulimwaga lote.

Leo na wewe umekuja na karatasi yako, ya muhuri wa bluu:
mtengenezaji wa pombe asimpe mwenye leseni
friji, wala kiti, wala kibao cha jina,
ili mnywaji achague kwa ulimi wake mwenyewe.
Umeisoma polepole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu.

Sikubishii. Kanuni hiyo ina akili.
Kreti saba kwa wiki, nisipozimaliza
wanaopiga simu ni wale wale walionichekea.
Ila ningeipenda zaidi mwaka juzi.
Mwaka juzi ulikuwa wapi?

Fungua sasa. Andika vilivyomo.

Rafu ya juu: bia zao kumi na moja, za maonyesho.
Ya pili, ndani ya kopo la siagi:
dawa ya sukari ya Maalim Sadalla, vichupa vitatu.
Hospitali walimwambia aiweke kwenye baridi.
Kwake baridi hakuna, labda ile ya Juni.
Kila asubuhi anaingia kwa mlango wa uani,
koti juu ya kanzu, macho chini,
anasema kwa sauti kubwa, "Nimefuata dawa!"
ili jirani asikie.
Ya tatu: chanjo ya kideri, ya kuku wa mtaa mzima.
Na hicho kikombe chenye kifuniko, usikitikise,
ni maziwa ya Ng'washi, ameyakamua alfajiri
kabla hajaenda ghala la tumbaku.
Pacha mmoja ndiye huyo anayelia.

Mbona kalamu imesimama?

Ah. Fomu yako ina safu ya idadi,
safu ya thamani, ya aliyetoa, ya aliyepokea.
Safu ya Maalim Sadalla haina.
Usione haya. Na ile yao haikuwa nayo.

Lori litakuja Ijumaa, unasema.
Haya. Mtungi nimeanza kuusugua kwa majivu,
bado una harufu ya kuku.
Hayo mengine sijui. Ijumaa ni keshokutwa.

Umeomba maji.
Nimekupa ya rafu ya chini, ya baridi,
glasi imetoka jasho mkononi mwako.
Umeiinua, umelisoma jina lililochorwa ubavuni,
ukanitazama,
ukanywa yote.

Andika na glasi.