Matundu Saba

Kilima cha Nyasalala nilikila miaka kumi na tisa.
Nasema nilikila kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:
alfajiri tairi kuukuu, kiberiti, moshi mweusi,
jiwe likagugumia kwa ndani kama mgonjwa msiri,
kisha likafunguka.
Mume wangu nyundo ya kilo nane, mimi ya kilo moja,
ndoo juu ya ndoo, hadi Fuso la Kisesa lije
na dereva ahesabu kwa macho, si kwa ndoo.

Kokoto zangu zimo katika nguzo za Mwanza.
Nikipita Nyegezi huwa natazama juu:
ghorofa ile, pengine ya pili kutoka chini,
umo ukucha wangu.

Ndipo akaja Byabato wa maliasili,
buti, daftari, upole wa kuazima.
Akapaka mstari mwekundu juu ya mawe.
"Kuanzia hapa," alisema, "kilima kinapumzika."
Nikamuuliza, nami nipumzike na nini tumboni?
Jibu hakuwa nalo. Alikuwa na fomu.

Mwaka ule tulikula michembe hadi ulimi ukasahau sato.
Wanaume wawili walipanda usiku,
nyundo zimeviringishwa vitenge zisilie.
Mmoja alikamatwa.
Mwingine nalala naye, simtaji.

Majani hayakuomba kibali.
Yalianzia kwenye nyufa tulizoziacha,
ikafuata mikuyu midogo, mizizi imekumbatia jiwe
kama mtoto shingoni mwa mamaye.
Pimbi wakarudi na ukoo mzima,
wakakaa kileleni wakiota jua kama wenye hati.
Baada ya pimbi, tai.
Baada ya tai, wageni,

kofia pana, mafuta meupe puani,
wakipanda kwa kuhema
nilikokuwa nikishuka na ndoo kichwani.
Anayewaongoza ni Ng'wasi, binti wa mdogo wangu,
shati la kaki, filimbi, darubini ya kamati.

Juzi nilimkuta kwenye mgongo wa jiwe la kaskazini,
pale ziwa linapoonekana lote
na mitumbwi imetapakaa kama maganda ya alizeti.
Mimi na chupa zangu za chai, karanga, vikombe.
Anawaonyesha matundu saba yaliyojipanga:
"Hapa mtemi wa kale alipiga fimbo yake
mara saba, akiomba mvua."
Wakainama. Wakapiga picha.
Mzungu mmoja mzee akavua kofia.

Matundu yale ni ya tindo yangu.
Msimu ule tairi zilikosekana, tukatoboa.
La tano limepinda:
nilikuwa na mimba ya Lushinge,
uchungu ukanikuta nyundo iko hewani.

Nikamimina chai. Sikusema kitu.
Tukiwa tunashuka akanishika kiwiko:
"Mama mkubwa, ukweli wako hawataulipia."
"Umeshawahi kuwatajia bei?"

Ubaoni, ofisi ya kijiji, wamebandika mapato ya lango.
Zahanati imepata mlango, kitanda bado.
Kisima kimechimbwa, pampu iko njiani,
njia yenyewe ndefu.
Nasoma kila tarakimu kwa kidole,
jinsi ambavyo ningemsoma yule dereva
kama ningejua kusoma wakati ule.
Kuna mstari unaitwa Mengineyo. Umenenepa.
Nimeomba kikao.

Leo wamekuja sita na mtoto mmoja.
Ng'wasi amewasimamisha pale pale,
akafungua mdomo, akaniona, akaufunga.
Ziwa likapumua mara mbili.
"Mkono uliotoboa haya," akasema, "ndio ule ulioshika birika."

Wakanigeukia. Sikujua niuweke wapi.

Mtoto akachuchumaa,
akaingiza kidole katika tundu la tano,
akauliza kitu kwa lugha yao.
"Anataka kujua kama iliuma," akasema Ng'wasi.
"Mwulize: jiwe, au mimi?"

Akamtafsiria.
Mtoto hakujibu upesi.
Kidole chake kilibaki ndani.