Sura Walizokula Mchwa

Mchwa walianzia Ayubu.
Sijui walipandia mguu wa kitanda au ukutani,
ila nilipolifungua sanduku mwezi wa Machi
nilikuta Biblia ina bonde katikati,
udongo mwekundu umejengwa juu ya maneno
kwa utulivu wa fundi anayelipwa kwa siku.

Kosa ni langu. Tulipotoka kumzika Kabula
niliifungia humo pamoja na sare yake ya shule,
nikasema: nyamazeni nyote wawili.
Misimu miwili nikafunga tumbaku, nikachochea bani,
nikaketi kanisani kama gunia linavyoketi dukani.

Kilichosalia nilikisoma.
Ayubu nilimwelewa, aliuliza kama mtu wa kwetu,
mtu aliyekaa majivuni akijikuna.
Rafiki zake nao niliwajua,
walifika hata kwangu, wakala wali wa matanga,
wakaniambia Mungu huchuma maua mazuri.
Yule kijana wa mwisho, Elihu, anasema, anasema,
na katikati ya habari zake za radi
ukurasa unakwisha.
Shimo.
Ukitia kidole kinatokea kwenye Zaburi.

Ukimsikia mtu akiuliza vile
na jibu limeliwa,
hulali.

Nikapanda baiskeli, Tutuo hadi Sikonge,
kwa Mama Nyanzobe, mjane wa mwinjilisti.
"Kitabu hiki hakivuki kizingiti," alisema,
"lakini meza ipo, na taa ina mafuta."
Macho yake yameshaingia ukungu.
Akakaa kumenya karanga,
nami nikafungua daftari la hesabu za chama,
nikapita kilo, nikapita madaraja ya jani,
nikaanza kunakili sura ya thelathini na nane.

Nilikuwa nimelichongea jibu nafasi kifuani,
kama mtu anavyochonga mzinga akingoja nyuki.
Sikupewa jibu. Niliulizwa.
Nilikuwa wapi? Najua nini?
Bahari. Theluji, ambayo sijaiona maishani.
Mbuzi wa majabalini huzaa mwezi gani.
Niliandika huku hasira ikinipanda
hata kalamu ikatoboa karatasi.
Yaani, Bwana, nimekuja na msiba
nawe unanionyesha mbuni?

"Umefika wapi?"
"Kwenye mvua."
"Isome niisikie."
Nikasoma kwa sauti, pale anapouliza
kama mvua ina baba.

Karanga zikaacha kulia bakulini.

Mtoto wangu alizaliwa usiku daraja liliposombwa.
Ndiyo maana tukamwita Kabula, wa mvua.
Miaka tisa niliitwa Baba Kabula, sokoni, mnadani,
hata na watu wasiojua jina langu.
Tangu tumzike hakuna aliyethubutu.
Wananiita mzee. Wananiita ndugu.

Basi nikajibu, sauti ikinikwama:
Ndiyo. Anaye. Mimi hapa.

Hakuna kisulisuli kilichokuja. Taa iliwaka kama taa.
Mama Nyanzobe alipangusa meza kwa pindo la kanga,
akasema, "Andika, mwanangu. Zimebaki sura nne."

Sijaelewa. Niseme wazi, nisiwe shahidi wa uongo.
Kwa nini homa ile, kwa nini usiku ule,
kwa nini gari la wagonjwa liliishiwa mafuta Ipole,
hayo hayamo. Nimenakili kila nukta, hayamo.
Ila nilidhani nasali shimoni,
kumbe shimoni mlikuwa na mtu
na alikuwa akinitafuta kwa jina la mwanangu.

Daftari nimelitundika kwenye boriti kwa waya,
mchwa hawalifikii.
Jioni nikiosha mikono lami ya tumbaku
nalishusha, nasoma polepole,
na nikifika pale kwenye mvua
naitika: Naam.