Shimoni

Siku kumi na moja, na mchezo sijauona.
Naujua kwa chini, kama sisimizi anavyoijua karamu:
vumbi, kishindo, makombo ya sauti.
Kuna viatu vyekundu vya Ruzuna,
kisigino cha kushoto kimetiwa msumari,
kila akigeuka msumari unalia ti,
na mie hulifuata hilo ti kuliko fimbo ya Maalim Haroub.

Shimo lenyewe si la haja.
Tumelichimba wenyewe mbele ya jukwaa la skuli, hapa Wete,
mie na Ngwali wa fidla na vijana wawili wa drams,
tukakuta bomba la mwaka ambao hapana anayeukumbuka.
Nikaliziba, maana mchana mie ni fundi bomba.
Mvua ikinyesha bado linatoa jasho.
Kanuni imeketi juu ya matofali, kodiani mapajani.
Tarumbeta langu magotini, domo chini,
likidondosha mate yangu tone tone
kwenye ndara za Ngwali, ambaye alishasamehe.

Watu wanadhani kazi yetu ni kupiga.
Kazi yetu ni kunyamaza kwa hesabu.
Mapigo mia na ishirini na nane sina neno:
nahesabu kwa vidole, kwa meno, kwa ulimi,
moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne,
Ngwali ananinong'oneza bei ya pweza
nami nampa jicho: usinipotezee kimya changu.
Ukikosea noti, watasema ala mbovu.
Ukikosea kimya, ukumbi mzima unageuka.

Kizibo changu ni kifuu cha nazi,
nimekitoboa, nimekipiga msasa.
Nikikitia, tarumbeta husema puani
kama mtu aliyelia, akanawa uso, akaja kula.
Nimekiwekea mahali pamoja tu:
kitendo cha pili, viatu vyekundu vinapokwenda mbio
mlangoni hadi kitini, kitini hadi mlangoni,
halafu goti,
halafu goti la pili,
halafu mbao zinatetemeka juu ya utosi wangu.
Nikajua: hapa bibi harusi analia.
Nikampa huzuni yote niliyonayo,
ya mamangu, ya kaka aliyekwenda Tanga asirudi,
ya mabomba yote yaliyopasuka usiku wa manane.

Jana binti yangu Mize alikuja kutazama.
Njiani, tukirudi na tochi, nikamuuliza:
Pale anapopiga magoti, ulilia?
Akasimama. "Baba, pale si anacheka?
Bwana harusi kakalia sinia la biriani!
Anacheka mpaka anaanguka, anapiga sakafu kwa viganja.
Na wewe ndiye unayemaliza watu,
hilo tarumbeta lako la puani,
bibi wa mbele yangu kavua miwani ajifute."

Sikusema kitu mpaka mlangoni.
Nikala wali wa baridi, nikatazama ukuta.
Siku kumi na moja mie naomboleza
na Wete nzima imeshika mbavu.

Leo ndiyo mwisho. Maalim kainua fimbo.
Nimefika mia na ishirini na saba,
kifuu mkononi, midomo imevimba.
Juu: ti. Goti. Goti la pili.
Mbao zinatetemeka, vumbi linaniingia jichoni.
Nilikuwa nimeazimia kupiga vyengine,
kwa mzaha, madhali sasa najua.
Pumzi ilipotoka, ikatoka vilevile:
mama, kaka, bomba na maji yake.
Ukumbi ukaangua kicheko, viti vikagongana,
na katika ufa wa mbao, mara ya kwanza,
nikaliona jicho moja la Ruzuna likitazama chini,
kwangu,
limejaa machozi.

Ya kucheka, au ya lile jengine, sikupata kujua.
Ngwali alikuwa akisogeza ndara zake,
nami nilishaanza arobaini za kunyamaza:
moja mbili tatu nne,
mbili mbili