Taa ya Stesheni

Zamu nzima husimama mbele ya mkanda wa korona,
majani ya mkonge yakipita kwenda kushoto,
mabichi, yana miiba, kama wapita njia wasio na salamu.
Nikiinua macho, ukuta wa mawe unatambaa
kulia.
Polepole. Wala haufiki.

Nilimwambia nesi wa zahanati, akanipa panado.
Nilimwambia mume wangu, akauliza nimekula nini.
Basi nikanyamaza, nikawa nauchunguza:
huu wa mawe hutambaa,
ule uliopakwa chokaa hautikisiki.
Jicho lataka doa la kushika
ndipo lidanganyike.

Usiku ule umeme ulikatika Pongwe nzima.
Shekalaghe, mlinzi wa ghala, akapiga filimbi:
kuna mtu na kurunzi shambani, mwizi wa singa,
"anapanda, anashuka, anarudi, huyo!"
Vijana wakaingia na mapanga kati ya mistari,
wakatoka na mikwaruzo mapajani, mikono mitupu.
Ilikuwa chemli ya stesheni,
imetundikwa msumarini, pale pale pa siku zote.

Walimcheka mpaka wakakaa chini.
Karani Mbwambo akasema kesho anaandika barua:
macho yamekwisha, apumzishwe.

Mimi sikucheka. Nilisimama aliposimama,
nikaitazama. Giza juu, giza chini,
si paa, si mti, si ukingo wa kilima,
na ile taa, wallahi, ikaanza kuondoka,
ikazurura kama mbuzi aliyekata kamba.

Nikaenda nyumbani kuchukua koroboi,
nikaitundika kwenye nguzo ya uzio, hatua thelathini mbele yake.
"Haya, tazama."
Akashusha filimbi.
"Imesimama," akasema. "Ile ya mbali imesimama."
Haikuwa imetembea, Shekalaghe.
Ilikosa jirani tu.

Karani naye nikamwita. Akaja na kalamu yake sikioni.
Nikamweka mahali palepale, nikaipuliza koroboi.
Hakusema kitu. Muda ukapita, mrefu,
kisha nikahisi mkono wake umenishika kiwiko,
kama mtu aliyekanyaga ubao usiopigiliwa.

Kama aliiandika ile barua, sijui.
Asubuhi mkanda ulianza, majani kushoto,
nikainua macho: ukuta huo, kulia, na safari yake.
Nikauacha uende.